Viti Vielekee Ziwani

Shule ya Viziwi Lwabugi,
Mwanza.
5 Juni, 1995

Ndugu Ngosha Mhoja,
Mirongo, Mwanza.

YAH: MWANAFUNZI REBEKA KASHINDYE, DARASA LA TATU

Husika na somo hapo juu.

Ninakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe mjomba na mlezi aliyeandikishwa. Mama wa mtoto, kule Kisesa, tumeambiwa hajui kusoma.

Shule yetu inatimiza miaka ishirini na mitano mwaka huu. Jumamosi tarehe 26 Agosti tutafanya jubilei. Mgeni rasmi atatoka mkoani, na watakuwepo wafadhili waliotuahidi vifaa vya kusaidia masikio. Wanafunzi watawatolea ngonjera kwa midomo yao wenyewe. Muhula utakaofuata, shule itafundisha kwa mdomo tu: mtoto atasoma midomo ya mwalimu na kujibu kwa sauti. Ishara za mikono hazitaruhusiwa, darasani wala bwenini.

Rebeka, baada ya miaka mitatu, anatamka "mama" na nusu ya "maji". Si mtoto mbaya. Lakini mikono yake haitulii, na wenzake wakimwona wanaacha kunitazama mimi. Kamati imeona kuwa hafundishiki kwa njia hii. Baada ya sherehe utaombwa uje umchukue, moja kwa moja.

Kama una la kusema, fika shuleni au piga simu ofisini saa za kazi. Mwalimu Mkuu, Bwana Mashimba, ni mtu wa kusikiliza.

Wako katika kazi,
Mwl. Renatha Kamugisha
Mwalimu wa darasa na Katibu wa Kamati ya Jubilei


NGOSHA SANAA
Mabango, Malori na Sura za Watu
Mirongo, nyuma ya mashine ya kusaga
9 Juni, 1995

Mwalimu Renatha,

Salaam. Mimi mzima kama dume la ng'ombe lililorudi kutoka mnadani bila kununuliwa. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa juu ya ngazi, mara ya pili nikiwa chini, maana kule juu ilitaka kuniua.

Ngoja nijitambulishe, naona umeniandikia kama mtu anayedaiwa bili ya maji. Ukitoka hapo shuleni ukaingia mjini, bango la kwanza utakaloliona, lile la saluni lenye mwanamke wa shingo ya twiga, ni langu. La bucha ni langu. La mganga wa meno ni langu, ingawa meno niliyachora mengi kuliko aliyopanga Mungu. Tangu ruhusa ya biashara binafsi itoke, kila mtu kafungua duka, kila duka linataka bango, na kila bango linamtaka Ngosha. Vyama vya siasa navyo vimekuja mbio na uchaguzi wao. Nimechora bendera za vyama vinne na vyote vinanihesabu mwanachama. Kisumu nimefanya kazi, Kampala nimefanya, Nairobi nimekaa mpaka ikanichoka. Jina lako ni la Bukoba. Tunajua nyie mmesoma, kwenu hata senene wana vyeti. Lakini kwa majigambo, mwalimu, mmepata Msukuma wenu.

Sasa huyo asiyefundishika. Likizo ya Desemba alikuwa kwangu. Asubuhi moja nilimpeleka Mwaloni kununua samaki, tukakuta mchuuzi na mvuvi wamekabana mashati. Tuliporudi, Rebeka alimsimulia mke wangu ugomvi ule wote kwa mikono: nani alianza, shati la nani lilichanika, sangara yupi alianguka na paka yupi alimchukua. Paka alimfanya kwa nyusi tu. Mke wangu alicheka mpaka ugali ukashika chini. Huyo ndiye unayesema ana nusu ya neno "maji". Analo zima. Analo la maji ya kunywa, analo la maji ya ziwa, na analo la maji yaliyomwagika ndani na hataki kusema kamwaga nani.

Kuhusu simu, mimi na simu hatuelewani, ni ugomvi wa zamani. Nitakuja mwenyewe Jumatano. Mwambie huyo mtu wa kusikiliza asitoke.

Ngosha Mhoja
Mchoraji mkuu wa kanda yote ya ziwa


Lwabugi, 16 Juni, 1995

Ndugu Ngosha,

Ungeniambia.

Ningejua kuwa wewe mwenyewe ni kiziwi nisingekuambia upige simu, na nisingemwacha Mwalimu Mkuu akuhutubie muda wote ule akiwa ameinamia kabati, mgongo kwako, anatafuta faili. Nilidhani umenyamaza kwa adabu, kumbe unasubiri ageuke. Alipogeuka akakuuliza kama umemwelewa, ukachukua chaki ukaandika ubaoni: KABATI LIMEKUELEWA, LIULIZE. Mpaka leo hajacheka.

Lakini hilo si lililonikosesha raha. Ulipotoka uani, watoto walikukimbilia, wote wanagusa nyusi ya kushoto. Nimeuliza, nikaambiwa hilo ndilo jina lako. Wamelijuaje? Ni watoto wadogo, wewe, nasikia, uliondoka hapa kabla hawajazaliwa, kama kweli uliwahi kuwa hapa. Mwaka wa tatu huu nawatazama midomo kuanzia asubuhi, na sikujua kwamba wana jina la mtu wa mjini ninayepita chini ya mabango yake.

Na jingine. Nimeangalia wanavyoitaja shule. Wanaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja, kama mtu aliyekalia mikono yake, na mabega yanapanda. Hiyo ndiyo shule? Kwa nini? Mwalimu Mkuu anasema ni mchezo tu.

Uamuzi wa kamati kuhusu Rebeka haujabadilika.

Mwl. Renatha Kamugisha


Mirongo, 20 Juni, 1995

Mwalimu,

Umeuliza, na mimi nikiulizwa sinyamazi hata nikizibwa.

Nilizaliwa nasikia. Homa ya uti wa mgongo ilinikuta nina miaka saba, ikachukua masikio ikaacha mdomo, bahati mbaya ya majirani. Nikaletwa Lwabugi shule ikiwa na mwaka wa pili. Somo la kwanza lilikuwa kukalia mikono. Mwalimu akiingia, sote viganja chini ya mapaja mpaka kengele ilie, na kengele yenyewe nani aisikie? Tulikalia mpaka ife ganzi. Vidole vikitoka hapo unavitazama mezani kama vya marehemu. Basi mtu akituuliza tunasoma wapi, tulimwonyesha hivyo. Hakikuitishwa kikao. Mmoja alifanya, wa pili akacheka, wa tatu akapokea. Hawa wa leo hawajawahi kukalia mikono, jina wamelikuta tu, kama wewe ulivyoikuta Mwanza inaitwa Mwanza.

Lugha yenyewe ilipona kwenye miamba, pale chini ya shule, tulipokwenda kufua kila Jumamosi. Mwalimu wa zamu alikaa juu kivulini akaona migongo na povu. Mtu anayefua nani atamkataza asipandishe mikono? Hapo wakubwa waliwapokea wadogo. Hesabu tulizielewa pale. Habari za Nuhu tulizielewa pale, na wanyama wote wakiingia wawiliwawili, tembo akikwama mlangoni. Matusi pia, sitaki kukudanganya. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu wa miamba, usiulize nani alinichagua. Nyusi yangu ya kushoto ina kovu la kuteleza pale, ndilo jina. Waliponifukuza darasa la tano kwa kusimulia wakati wa imla, niliendelea kuja Jumamosi kama kawaida. Tulikuja na Chenge, anayebeba samaki Mwaloni, na Prudencia, fundi cherehani wa Kirumba, wote viziwi, wote wa Lwabugi. Nikitoka Kisumu naleta ishara za Kisumu, nikitoka Kampala naleta za Kampala, kama wenzangu walivyokuwa wanaleta vitenge. Nyingine zilipokelewa, nyingine watoto walizicheka hadharani nikazirudisha mfukoni.

Hiyo ndiyo miaka ishirini na mitano ya shule yenu. Nyie mnataka kulifanyia jubilei kabati.

Sasa nina shauri. Wewe si wa huku, pengine hujaona. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama vyetu vikubwa vya ngoma, huingia uwanja mmoja, ngoma mbili kwa wakati uleule. Hakuna jaji. Watu wenyewe wanakwenda kwa anayewavuta. Aliyebaki na uwanja mtupu anafunga ngoma zake anakwenda nyumbani, na habishi. Bujora nilimwona manju mmoja, kiongozi wa ngoma mwenye jina, kabaki na mbuzi tu, na mbuzi mwenyewe kafungwa.

Mwambie Mashimba: tarehe 26, uwanja mmoja, ngonjera mbili. Yenu ya mdomo, yetu ya mikono, na manju wetu ni Rebeka. Watu wakija kwetu, Rebeka anabaki shuleni na mikono inabaki darasani. Wakienda kwenu, mtoto namchukua mwenyewe, na bango la shule nawachorea bure, mdomo mkubwa kama pango. Marehemu baba yake Mashimba alikuwa Mgalu, mji mzima unajua, na hakuwahi kukwepa uwanja. Muulize yeye ni mtoto wa nani.

Ngosha


Lwabugi, 1 Julai, 1995

Ndugu Ngosha,

Nilimsomea Mwalimu Mkuu barua yako. Mpaka kwenye kabati alikuwa amekunja uso. Nilipofika kwa baba yake akainuka, akafunga mlango wa ofisi, akakaa tena. Kisha akasema, "Mwambie huyo mpaka rangi aje. Na aje na dawa yake yote." Ndivyo alivyosema, nimeandika kama ilivyo. Masharti yako ameyakubali mbele yangu.

Sasa nami niseme langu, maana naona umenihesabu katibu tu. Ngonjera ya mdomo ninaifundisha mimi. Ninasimama mbele yao, wananitazama midomo, kila neno tunalijenga kwa pumzi na koo, kiganja cha mtoto shingoni mwangu asikie linavyotetemeka. Yupo Precious, anasikia kidogo sikio moja. Alipofika hapa alikuwa anaguna. Sikukuu ya Pasaka mama yake alikuja kumtembelea, Precious akamwita "Mama, karibu", na yule mama akakaa chini palepale njiani, kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani. Usiniambie mimi nafanyia jubilei kabati. Mimi nilikuwepo pale.

Kwa hiyo sikuonei haya. Sisi wa Bukoba tukiingia mtihani huwa tunaingia kushinda. Mtandikie Rebeka kitanda huko Mirongo.

Nimekubali atoke Jumamosi kwenda kufua na ninyi. Kufua.

Mwl. Renatha


Mirongo, 12 Julai, 1995

Mwalimu mwenye senene wasomi,

Nimefurahi. Nilikuwa naogopa nitashindana na Mashimba peke yake, ningeonekana mwonevu.

Precious namjua, ananiita kwa nyusi na kwa mdomo kwa pamoja, kama mtu mwenye baiskeli na pikipiki. Sina ugomvi na mdomo wa Precious. Autumie mpaka uchakae. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto mmoja akiweza kuruka ua, mnawachapa wengine wote kwa kutumia lango.

Habari za kambi yetu: ngoma tumepata, ile kubwa ya kukalisha chini. Tumeiweka juu ya ubao mrefu, sote miguu juu ya ubao, ikipigwa inapanda kwenye magoti mpaka kwenye meno. Chenge ndiye mpigaji. Mikono iliyobeba sangara miaka yote hiyo haihitaji mazoezi. Prudencia ametushonea mashati meusi, ili mikono ionekane kwa mbali. Rebeka anatufokea. Jumamosi kanisimamisha mimi, Ngosha, mbele ya watu, akaniambia mikono yangu ina maneno mengi na habari chache. Nimefanya kazi nchi tatu, sijawahi kutukanwa kwa usahihi namna hiyo.

Dawa ya kuvuta watu Mashimba asihofu, hatujaenda kwa mganga. Dawa yetu ina miaka kumi na moja na ina pengo la meno mawili ya mbele.

Ngosha


Shule ya Viziwi Lwabugi,
21 Agosti, 1995

Ndugu Ngosha Mhoja,

YAH: MABADILIKO YA RATIBA YA JUBILEI

Naelekezwa kukujulisha kuwa Mwalimu Mkuu, baada ya kushauriwa na wakubwa, ameona mgeni rasmi hawezi kuwekwa katikati ya mashindano. Itakuwepo ngonjera moja tu, ya mdomo. Wanafunzi wasio katika ngonjera hiyo watarudi makwao Ijumaa tarehe 25 mchana. Unatakiwa ufike siku hiyo kumchukua Rebeka pamoja na sanduku lake. Wewe na kundi lako hamtaruhusiwa kuingia katika uwanja wa shule siku ya sherehe.

Wako katika kazi,
Mwl. Renatha Kamugisha, Katibu

N.B. Uwanja wa shule unaishia kwenye ua wa minyaa. Miamba ya kufulia iko nje ya ua. Si mali ya shule wala Mwalimu Mkuu hana amri nayo. Nakutajia ili msije mkafua siku hiyo mkawasumbua wageni. Kupanga viti nimeachiwa mimi. Vitaelekea ziwani, kwa sababu ya upepo.


Mirongo, 23 Agosti, 1995

Mwalimu,

Barua nimeipata. Nimeisoma, na ile N.B. nimeisoma mara mbili.

Mwambie Mashimba nitafika Ijumaa kama raia mwema, nitabeba sanduku kichwani.

Nguo chafu ninazo nyingi.

Ngosha


Lwabugi, 27 Agosti, 1995

Ndugu Ngosha,

Jana mliondoka na mtumbwi kabla hatujaonana, Mwalimu Mkuu akiwa bado anawaonyesha ngumi kwenye ua. Kuna mambo yaliyotokea uwanjani ambayo wewe, kutoka kule miambani, hukuweza kuyajua. Nimeona ni haki yako uyapate.

Watoto walisimama mbele ya wageni, migongo yao ziwani. Mimi nilisimama pembeni ya meza kuu nikiwakabili, ili wasome midomo yangu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Katika wa pili mkapanda miambani. Nilikuwa nimejiapiza sitatazama. Nilitazama. Watoto wale nimewafundisha miaka mitatu wasinitoe macho usoni, basi wakaona macho yangu yamewaacha yamekwenda mbali. Hapohapo ngoma yenu ikawafikia kwenye nyayo. Wakageuka wote kwa pamoja. Mimi ndiye niliyeivunja ngonjera yangu mwenyewe, Ngosha, na wala sikufungua mdomo.

Mikono ikaanza kuinuka mmojammoja kuwajibu ninyi. Meza kuu wakaanza kuulizana kuna nini. Ndipo Precious akatoka kwenye mstari. Hakuna aliyemtuma. Akawageukia wageni nusu, akawageukia ninyi nusu, akaanza kusema kwa sauti kile Rebeka alichokuwa anakionyesha. "Anasema, hapa walifua nguo. Anasema, mwalimu aliona povu tu. Anasema, mikono ilikaliwa, ikafa, ikaja huku ikafufuka." Mama mpishi wa shule akaacha sufuria. Wazazi walikuwa wa kwanza kwenda kwenye ua, kisha wafadhili na kamera zao. Mgeni rasmi naye akainuka kwenye kochi lake. Mlinzi wake akakimbia kumfunulia mwavuli. Uwanjani alibaki Mwalimu Mkuu, kipaza sauti na mimi.

Ulipowaona wanasogea kwenye ua, labda ulidhani wanawafuata wawakomeshe. Walikuwa wanafuata sauti ya Precious na mikono ya Rebeka.

Habari mbaya: Mwalimu Mkuu anasema watu walihama jua. Anasema hapakuwa na mashindano, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Amri inabaki. Wenzake Rebeka watapokelewa muhula ukianza tarehe 4 Septemba, ila wote wataanza kwa mdomo. Rebeka asirudi. Nilimwambia hilo si neno la mtoto wa Mgalu, akaniambia kuna shule ya kijijini huko Geita inakosa mwalimu.

Renatha


Mirongo, 30 Agosti, 1995

Mwalimu Renatha,

Walihama jua wakaenda kwenye miamba, ambako hakuna hata jani la kivuli. Mwambie Mashimba nikipata nafasi nitamchorea hilo jua.

Sikujua kuhusu Precious. Niliona mdomo wake unakwenda, nikadhani bado yuko kwenye ngonjera yenu, nikasema moyoni, mtoto huyu ana msimamo. Nimemweleza Rebeka. Akaniuliza kama Precious alisema vizuri ile ya povu. Nikamwambia sijui, sisi wote wawili hatukumsikia. Akasema atamuuliza mwenyewe Jumatatu.

Unaona shida yangu. Mimi nimevuka mipaka bila pasi, nimewauzia chama tawala na wapinzani bango la rangi moja, lakini huyu mtoto sijamwambia kwamba hana Jumatatu. Sanduku lake amelifungasha.

Naye dada yangu amekuja kutoka Kisesa. Anasema mtoto akirudi kijijini kazi zipo: kuchunga, kuchota maji, na kutazamwa na watu wakinong'ona. Kasema bila kulia, ndiyo maana imeniuma.

Mashimba sitambembeleza. Kushinda nimeshinda. Ila Jumatatu asubuhi nitakuwa na mtoto na sanduku, na sijui nielekee wapi. Kama Geita wanakosa mwalimu, basi na huku tutakukosa. Nakuambia sasa, kabla sijarudi kwenye majigambo.

Ngosha


Lwabugi, 6 Septemba, 1995

Ndugu Ngosha,

Nimetumwa, lakini nitaandika kwa namna yangu.

Jumatatu watoto waliingia darasani. Nikasimama, nikasema, "Hamjambo". Siku zote wanajibu kwa sauti. Walinitazama midomo vizuri sana na wao yao wakaifunga. Nikadhani ni darasa langu tu. La pili vilevile, la tano vilevile. Hawakutukana, hawakutoka nje, madaftari waliandika, mikono waliiweka juu ya meza mahali pa kuonekana. Midomo wamefunga. Jumanne hivyohivyo. Hata wakati wa kula waliifungua kwa uji na kuifunga.

Leo Mwalimu Mkuu aliingia mwenyewe. Wafadhili wanakuja Ijumaa kupima masikio na wanataka kuwasikia watoto. Akaenda moja kwa moja kwa Precious. Akamwambia, sema jina lako. Precious anaweza kusema jina lake akiwa usingizini. Alimtazama Mwalimu Mkuu, akakunja midomo ndani kabisa mpaka haionekani, akaonyesha kiti cha Rebeka.

Bwana Mashimba alinigeukia. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, nami nikiwa nimesahau kuwa anayo sauti ndogo, "Kule kwenye uwanja, mtu akishindwa, wazee walikuwa wanafanyaje?" Nikamwambia mimi wa Bukoba, sijui, amuulize aliyeshinda.

Kwa hiyo ametuma niseme: mlete mtoto kesho. Mikono darasani ameikubali, mdomo nao unabaki kwa wanaouweza. Geita haijatajwa tena. Amesema pia usije na kundi na usije na majigambo.

Mimi nimekaa na Precious jioni, ananifundisha. Mikono yangu migumu kama ya mtu aliyeazima. Wameshanipa jina, hawataki kunieleza maana yake.

Renatha


Mirongo, 6 Septemba, jioni hiyohiyo
(anakuletea Prudencia kwa mkono)

Mwalimu Renatha,

Kundi nitakuja nalo. Chenge ameomba ruhusa Mwaloni, dada yangu amevaa kanga mpya, mke wangu kafunga duka. Majigambo siwezi kuyaacha nyumbani, hayana wa kuyalinda.

Jibu la swali lake ni hili. Wazee, mtu akishindwa uwanjani, alikwenda mwenyewe kwa manju aliyemshinda, akamsemesha. Hakutuma katibu. Kwa hiyo kesho tutafika mpaka langoni na tutasimama hapo. Sitaingia mimi, halitaingia sanduku. Mashimba atoke ofisini, avuke uwanja watoto wote wakimwona, aje amwambie Rebeka arudi darasani. Amwambie kwa mikono. Ni ishara mbili tu, wewe umeshazijua, una usiku mzima wa kumfundisha.

Najua ataona aibu. Atasema vidole vyake ni vizee, atasema yeye ni Mwalimu Mkuu. Mwambie asiogope. Akikosea, Rebeka atamwonyesha tena, na akikosea tena atamwonyesha tena, tutasimama hapo mpaka mchana ikibidi. Sisi mtu akishindwa kusema hatumfukuzi.

Ngosha Mhoja